Kupima Macho ya Wanafunzi: Istilahi, Utaratibu na Wajibu wa Mwalimu

Katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha tulioufanya katika shule moja ya msingi wilayani Kyerwa, tuliketi nyuma ya Darasa la Tatu kusikiliza somo la Hisabati. Mwanachuo wetu alikuwa amejiandaa vizuri. Andalio la somo lilikuwa safi na zana zilitosha. Dosari moja tu ndiyo iliyotukera: msichana mmoja wa safu ya tatu alikuwa akichungulia daftari la jirani yake kila mara. Baada ya kipindi tulimshauri mwanachuo amtenge msichana yule, amketishe peke yake dawati la nyuma, ili ajifunze kujitegemea. Ushauri huo tuliuandika katika fomu na kutia sahihi.

Siku ya pili tulilikagua daftari lake. Maswali yote kumi yalikuwa yametiwa alama ya kukosa. Lakini tulipoyatazama maswali yenyewe kama alivyoyanakili, tuliona jambo lililotufadhaisha. Ubaoni paliandikwa 38 + 26. Yeye alikuwa ameandika 33 + 20, na jibu lake lilikuwa 53. Ubaoni paliandikwa 68 − 25. Yeye aliandika 63 − 25, akapata 38. Hesabu aliyoiona aliifanya sawasawa. Hesabu iliyoandikwa ubaoni hakuiona. Sisi, kwa sahihi yetu wenyewe, tulikuwa tumemwongezea umbali kati yake na ubao.

Shabaha ya makala hii ni kumwezesha mwalimu mwanafunzi asilirudie kosa hilo. Tutaeleza istilahi za msingi zitumikazo katika uchunguzi wa kawaida wa macho, namna ya kutengeneza chati kwa vifaa vya shuleni, hatua za kupima, na mambo yanayofanyika kliniki. Mwishoni tutaeleza kazi ambayo aghalabu husahauliwa, nayo ni kufuatilia. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba mwalimu hatafuti jina la ugonjwa wala hatoi dawa. Anapima kama mtoto anaona, na asiyeona anamfikisha kwa mtaalamu.

1. Istilahi za msingi

Mwanga huingia jichoni kwa kupitia konea, ambayo ni sehemu angavu ya mbele kama kioo cha saa. Nyuma yake lipo duara la rangi, na katikati ya duara hilo pana tundu jeusi tunaloliita mboni. Mboni hupungua penye mwanga mkali na kupanuka gizani. Nyuma ya mboni kuna lenzi, na nyuma kabisa kuna retina, yaani utando unaopokea taswira. Kutoka retina, neva ya jicho hupeleka habari kwenye ubongo. Ili mtoto aone vizuri, taswira yapasa kuangukia juu ya retina barabara.

Mtoto mwenye uoni wa karibu huona vitu vya karibu, lakini vya mbali huwa na ukungu, kwa sababu taswira huangukia mbele ya retina. Husaidiwa na miwani yenye lenzi mbonyeo. Mwenye uoni wa mbali taswira yake huelekea kuangukia nyuma ya retina. Huchoka asomapo kitabu, na husaidiwa na lenzi mbinuko. Wapo pia ambao konea yao haina mviringo ulio sawa pande zote, nao huona mistari ikiwa imepotoka au ina kivuli. Hitilafu hizi zote tatu hurekebishwa kwa miwani.

Kengeza ni hali ya macho mawili kutoelekea mahali pamoja. Jicho vivu ni jicho ambalo ubongo umeacha kulitumia kwa sababu tangu utotoni lilikuwa likileta taswira mbaya. Matibabu yake hufaa zaidi mtoto akiwa bado mdogo, hasa kabla ya miaka saba au minane. Ndiyo sababu tunasisitiza kuwapima watoto wa Darasa la Awali na la Kwanza. Mtoto wa jicho ni ukungu ndani ya lenzi. Wengi huudhani kuwa ugonjwa wa wazee peke yao, lakini watoto nao huupata. Uoni hafifu ni upungufu wa kuona unaobaki hata baada ya kuvaa miwani. Wanafunzi wenye ualbino wengi wana hali hii; pamoja na kutumwa kliniki, wanahitaji dawati la mbele, kivuli na kofia.

2. Kutengeneza chati

Chati ya macho inayojulikana zaidi ilibuniwa na daktari Mholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Ili tarehe hiyo ikae akilini, tukumbuke kwamba ndiyo Januari ambayo mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliagana na Mukama Rumanyika wa Karagwe, akashika njia ya Buganda.

Kwa watoto wasiojua kusoma tunatumia herufi E peke yake, inayogeuzwa kuelekea juu, chini, kulia au kushoto. Mtoto haombwi kuitaja. Anaombwa kuonyesha kwa mkono meno ya E yanaelekea wapi. Njia hii inafaa sana kwetu, kwa kuwa watoto wengi wa Karagwe na Kyerwa huanza shule wakizungumza Kinyambo nyumbani, na maneno kulia na kushoto huwachanganya. Mkono hauna lugha.

Herufi hii huchorwa kwa rula. Urefu wake na upana wake ni sawa, na umegawanyika katika sehemu tano: mstari mweusi, nafasi, mstari, nafasi, mstari. Kwa mtoto anayesimama mita 6, vipimo ni hivi:

E ya 6/60: urefu milimita 87, kila mstari milimita 17.5.
E ya 6/18: urefu milimita 26, kila mstari milimita 5.2.
E ya 6/12: urefu milimita 17.5, kila mstari milimita 3.5.
E ya 6/6: urefu milimita 8.7, kila mstari milimita 1.7.

Mwalimu achore kila E kwa wino mweusi mzito katikati ya kipande cha karatasi nyeupe ya manila, kisha akigandishe juu ya boksi gumu ili aweze kukigeuza mkononi. Kwa upimaji wa darasani, E mbili zatosha: ile kubwa ya 6/60 ya kumfundishia mtoto, na ile ya 6/12 ya kumpimia.

Nini maana ya tarakimu hizi? Ya juu ni umbali aliosimama mtoto, kwa mita. Ya chini ni umbali ambao mtu mwenye macho mazuri angeweza kuisoma herufi hiyo hiyo. Mwenye 6/60 hulazimika kusogea hadi mita 6 ili aone kile ambacho wenzake wanakiona wakiwa mita 60. Mwalimu na atazame maandishi yake ubaoni: aghalabu tarakimu zetu zina urefu wa sentimita nne au tano. Mtoto mwenye 6/60 akiketi mita 6 kutoka ubaoni huhitaji herufi ya karibu sentimita tisa. Akiketi mita 2, herufi ya sentimita tatu yamtosha. Kwa hesabu hiyo, kumhamisha mtoto kwenda mbele ni huduma ya kwanza ambayo haina gharama yoyote, nasi tulifanya kinyume chake.

3. Hatua za kupima

Hatua ya kwanza: kuandaa mahali. Pima mita 6 kwa futi kamba na uchore mstari wa chaki. Chati iangaziwe vizuri, na jua lisimpige mtoto usoni. Ikiwa darasa ni fupi, fanyeni kazi hiyo nje kwenye kivuli cha jengo. Wanafunzi wengine wakae mbali, maana mwenye huruma atamnong'oneza mwenzake au atamwonyesha kwa kidole.

Hatua ya pili: kumfundisha mtoto. Simama karibu naye, mwonyeshe E kubwa, igeuze mara kadhaa, na mwache aonyeshe kwa mkono. Usianze kupima mpaka uhakikishe ameelewa. Mtoto aliyekosa kwa kutoelewa mchezo hajapimwa macho.

Hatua ya tatu: kuziba jicho moja. Anza na jicho la kulia. La kushoto lizibwe kwa kiganja au kipande cha karatasi ngumu. Jicho lisibinywe, kwa sababu likibinywa litaona ukungu zamu yake itakapofika. Vidole navyo visiachwe wazi, kwa kuwa mtoto huchungulia bila kukusudia. Kama ana miwani, apimwe akiwa ameivaa. Asikunje uso, kwani kukunja macho humsaidia mwenye hitilafu kuona kwa muda.

Hatua ya nne: kupima. Simama kwenye alama ya mita 6 ukiwa na E ya 6/12. Igeuze mara tano bila utaratibu wa kukariri, na uifiche kifuani kila unapoigeuza. Akipata nne katika tano, jicho hilo limepita. Kwa nini mara tano? Mtoto anayebahatisha ana nafasi moja katika nne ya kupatia mara moja. Lakini kupatia angalau nne katika tano kwa bahati tupu hutokea mara 1 tu katika 64. Kisha ziba jicho la kulia, upime la kushoto.

Hatua ya tano: kuandika. Andika papo hapo jina, tarehe, na matokeo ya kila jicho peke yake. Usiandike "anaona" au "haoni". Andika "Kulia: amepita 6/12. Kushoto: hakupita 6/12." Aliyeshindwa apimwe tena siku nyingine. Akishindwa mara ya pili, hata kwa jicho moja tu, apewe rufaa. Mtoto mwenye jicho moja zuri hucheza na kusoma kama wenzake, na kwa hiyo jicho lake bovu hukaa miaka bila kujulikana.

Kila mtoto huchukua kama dakika tatu. Darasa la wanafunzi 60 litahitaji saa tatu, yaani nusu saa kwa siku kwa muda wa siku sita. Hakuna haja ya kusimamisha masomo.

4. Mambo yasiyongoja chati

Ziko dalili ambazo mwalimu akiziona hapaswi kungoja siku ya kupima. Mboni yenye weupe badala ya weusi ni dalili ya hatari. Huweza kuwa mtoto wa jicho, na huweza kuwa uvimbe unaohatarisha maisha. Jicho lililochomwa na mwiba, fimbo au kipande cha chaki, jicho jekundu lenye maumivu, au kuona kulikopungua ghafla, yote haya hupelekwa kituo cha afya siku ile ile. Mtoto anayejikwaa jioni, wakati wenzake wanaona, huenda amepungukiwa vitamini A; naye apelekwe. Kamwe tusiruhusu maji ya majani, maziwa ya mama au dawa iliyobaki nyumbani kutiwa jichoni.

Zipo pia dalili za kawaida: kusogeza kitabu puani, kuinamisha kichwa upande mmoja, kuruka mistari asomapo, kuumwa kichwa kila mchana, na kuchungulia daftari la jirani. Mwenye uoni wa mbali anaweza kupita chati bila shida huku akiteseka na kitabu. Kwa sababu hiyo, mtoto anayelalamika asirudishwe ati kwa kuwa amepita 6/12.

5. Yanayofanyika kliniki

Mwalimu anayejua utaratibu wa kliniki ataweza kumwandaa mtoto na mzazi wake wasiogope. Kwanza mtaalamu huuliza historia: tatizo lilianza lini, na kama kuna ndugu mwenye tatizo hilo. Kisha hupima uwezo wa kuona kwa chati kamili. Asiyeona vizuri huambiwa achungulie kwenye kitundu kidogo kilichotobolewa katika kibao. Akiona vizuri zaidi kwa kitundu hicho, yaelekea tatizo lake litarekebishwa kwa miwani. Baadaye humulikwa kwa kurunzi ili kutazama kope, konea na jinsi mboni inavyopungua, na huambiwa afuate kwa macho kitu kinachosogezwa ili misuli ya macho ionekane.

Kwa watoto, mara nyingi hutiwa matone ya kulegeza misuli ya ndani na kupanua mboni. Matone hayo huchonyota kidogo, na kwa saa kadhaa, pengine zaidi ya siku moja, mtoto huona ukungu wa karibu na kuchukia mwanga. Mzazi asipoambiwa mapema, atadhani mwanawe ameharibiwa macho. Mboni ikipanuka, mtaalamu huweza kuitazama retina kwa chombo chenye mwanga na lenzi, na kukisia namba ya miwani. Namba yenye alama ya kutoa ni ya uoni wa karibu; yenye alama ya kujumlisha ni ya uoni wa mbali. Mwenye namba hasi 2 huona vizuri hadi nusu mita tu bila miwani, na mwenye hasi 3 hadi theluthi ya mita.

Karagwe, mzazi anaweza kuanza kuuliza katika hospitali ya Nyakahanga, na Kyerwa, ambayo ilitengwa na Karagwe kuwa wilaya mwaka 2012, katika hospitali ya Isingiro. Au kwanza katika kituo cha afya kilicho jirani. Mwalimu aulize mapema siku za huduma ya macho na mahali mtaalamu anapopatikana, ili mzazi asitumie nauli bure.

6. Kufuatilia

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Katika kaunti ya Trans Nzoia, nchini Kenya, watafiti walioongozwa na daktari wa macho Hillary Rono walichapisha mwaka 2018 matokeo ya jaribio lililohusu shule 50 na wanafunzi zaidi ya 20,000. Waliopima walikuwa walimu waliofunzwa. Katika kundi la kwanza, mtoto aliyeshindwa chati alipewa barua ya rufaa kama ilivyo desturi. Ni asilimia 22 tu waliofika hospitalini. Katika kundi la pili walimu walipima kwa simu, picha ikatumwa nyumbani kuonyesha jinsi mtoto aonavyo, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Waliofika walikuwa asilimia 54. Walimu wa makundi yote mawili waliweza kuwagundua watoto. Tofauti kubwa ilikuwa katika jinsi wazazi walivyoelezwa na kukumbushwa.

Hata miwani ikipatikana, kazi haijaisha. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa sekondari Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hata miongoni mwa waliopewa miwani bure, chini ya nusu walikuwa wakiitumia baada ya miezi mitatu. Watoto huchekwa, wazazi huamini kwamba miwani huharibu macho, miwani huhifadhiwa kabatini isivunjike. Ni mwalimu wa darasa anayeweza kukomesha kicheko na kuuliza kila asubuhi, "Miwani yako iko wapi?"

Jambo hili tulilishuhudia wenyewe. Yule msichana wa Kyerwa alipopimwa hakupita 6/12 kwa jicho lolote. Mwalimu wake alimhamishia dawati la mbele na kumpa barua. Zilipita wiki tatu bila dalili. Mwalimu alipokutana na baba yake siku ya gulio, ilibainika kwamba barua ilikuwa imekunjwa na kuwekwa bila kufunguliwa. Baba alidhani ni barua ya michango, naye alikuwa akingoja malipo ya kahawa ndipo aifungue. Mwalimu alichukua boksi lenye E kubwa, akasimama mbali, akamwomba baba aonyeshe meno yanaelekea wapi, akaonyesha. Kisha akamwita binti, naye akaonyesha upande usio. Baba hakuhitaji maelezo zaidi. Walikwenda kliniki wiki iliyofuata, na binti akarudi na miwani yenye namba hasi 3.

Fomu yetu ya ukaguzi hatukuweza kuifuta. Tulimwandikia mwanachuo wetu nyingine, tukakiri kwamba ushauri wa kwanza ulikuwa na makosa, na tangu hapo hatumketishi mtoto nyuma kabla ya kumpima.

Kazi ya kufanya

1. Chora E ya 6/12 na E ya 6/60 kwa vipimo vilivyotolewa, kisha uwapime wanachuo wenzako watano, kila jicho peke yake.

2. Pima urefu wa tarakimu zako ubaoni na umbali wa dawati la mwisho. Je, mtoto mwenye 6/18 akiketi hapo ataweza kuzisoma?

3. Tafuta daftari la mwanafunzi aliyekosa maswali mengi ya Hisabati. Tenganisha makosa ya kukokotoa na makosa ya kunakili. Yanakuonyesha nini?

4. Andika barua fupi ya rufaa kwa mzazi, ambayo sentensi yake ya kwanza itamwonyesha kwamba haihusu michango. Eleza pia utafanya nini ikiwa wiki mbili zitapita bila jibu.